Shahidi Aliyenigeuka

Katika mabishano yetu na wanamapokeo nilikuwa na shahidi niliyemtegemea: Federico García Lorca na diwani yake ya mwaka 1928, Romancero gitano. Nilihesabu mishororo yake kwa vidole, kama tunavyohesabu mizani zetu. Nikapata 7, 8, 9, hata 10. Nikatamba kikaoni: "Mnaona? Hata Mhispania huyu kaitupa mizani, na dunia yamsoma!"

Kumbe nilihesabu Kihispania kwa sikio la Kiswahili.

Kwetu kila irabu hufanya silabi yake, hata m ya mtu huhesabiwa, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Vighairi ni vichache, kama barabara ile ya kusema "sawasawa". Kwao sivyo. Viento, yaani upepo, mimi nilisoma vi-en-to, silabi 3. Wao husema vien-to, 2 tu, maana i hujibana na e. Lakini día, siku, ni dí-a, kwa kuwa mkazo umeiangukia i. Tena irabu ya mwisho wa neno na ya mwanzo wa linalofuata humezana: mi alma, roho yangu, husomwa mial-ma.

Mkazo ndio ulioniumbua zaidi. Neno likiishia kwa irabu, n au s, mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Likiishia kwa konsonanti nyingine, huwa kwenye ya mwisho. Linalokaidi hutiwa alama. Si urembo huo, jamani: término ni mwisho, termino ni namaliza, terminó ni alimaliza. Na katika shairi, mshororo ukiishia kwa corazón, moyo, huongezewa mizani 1. Ukiishia kwa pájaro, ndege, hupunguziwa 1.

Nikarudia hesabu. 8. 8. Tena 8. Nusu kamili ya mshororo wetu wa mizani 16!

Je, wanamapokeo wameshinda? Hata kidogo. Lorca huyuhuyu ndiye mwandishi wa Poeta en Nueva York, kilichotoka mwaka 1940, miaka 4 baada ya kuuawa kwake, na humo mashairi mengi ni huru. Ila aliitua mizani aliyokwisha kuibeba. Mimi nilijisifu kuutua mzigo ambao sikuwahi kuupima. Wenzangu niliowakebehi kikaoni, nawaomba radhi kwa hoja ile. Msimamo wangu bado ninao.