Mchora Maua Aliyepaka Watu

Jirani yangu hapa Bura ni mama wa Kiorma, mtu mzima, na alikubali nimchore kwa masharti mawili: mtandio usishuke, na kikao kisipite adhuhuri. Nilikuwa na kisanduku cha rangi za maji za shule, brashi mbili, kikombe cha maji ya mfereji (na Bura mfereji ni mfereji kweli, si bomba) na karatasi nzito niliyoibandika kwenye ubao. Nikaanza na uso. Nililowesha shavu lote kwa hudhurungi nyepesi, nikageuka kuchovya rangi ya kivuli, niliporudi shavu lilikuwa limeshakauka. Tena lilikauka likaacha ukingo mkali, kama doa la chai kwenye kitambaa cha meza. Nikaona heri niuache uso niingie kwenye mkufu wake wa shanga. Nilipomaliza nikamgeuzia ubao. Uso wake hakuuangalia hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkufu, akaufuata kwa kidole.

“Mwanangu, hapa umeruka nyekundu moja.”

Nikahesabu. Kweli nilikuwa nimeiruka.

Aibu hiyo niliitafuta mwenyewe. Kwa miaka mingi nilikuwa na hamu ya kuona kwa macho yangu picha za watu wa Kenya alizozipaka Joy Adamson, zilizo chini ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Nilizijua kupitia kitabu tu. Nikasema, kabla sijapanda basi la Garissa kwenda kuzitazama, nijue kwanza kazi yenyewe ina ugumu gani. Mtu aliyewahi kuunguza ugali humheshimu mpishi kwa namna nyingine.

Wengi wanamfahamu Adamson kwa ajili ya Elsa, yule simba. Lakini brashi ilitangulia simba. Alizaliwa mwaka 1910 Troppau, mji uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, leo unaitwa Opava na uko Jamhuri ya Cheki. Alifika Kenya mwaka 1937. Mume wake wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea katika Makumbusho ya Coryndon, ambayo baada ya uhuru ndiyo yalikuja kuwa Makumbusho ya Taifa. Bally ndiye aliyempa jina la Joy, na ndiye aliyemsukuma kuchora maua. Krismasi ya 1942 walikuwa Garissa, kwenye Mto Tana huu huu unaotupitia sisi, na hapo bibi huyo akakutana na George Adamson, afisa wa wanyamapori. Wakaoana mwaka 1944. George naye aliuawa tarehe 20 Agosti 1989 huko Kora, ndani ya kaunti yetu ya Tana River. Kwa hiyo si wageni kabisa kwetu.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa Joy kazi ya kuwapaka watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao ya jadi, kabla hayajapotea. Kazi hiyo ilimzungusha nchi nzima kwa miaka kadhaa na ikazaa mamia ya picha, zikiwemo za watu wa Mto Tana. Sehemu ya picha hizo ilitoka kitabuni London mwaka 1967 kwa jina la The Peoples of Kenya.

Sasa tuingie jikoni. Hoja yangu ni moja: aliwapaka watu kwa kanuni za kupaka maua. Ukilishika hilo, uzuri wa picha zile na kasoro yake vyote vinaeleweka.

Mchoro wa mimea una sheria kali. Ua hukatwa, huletwa mezani, huwekwa mbele ya karatasi nyeupe. Bustani haichorwi, udongo hauchorwi, wala mbuzi aliyekuwa akilinyemelea. Mwanga hutoka upande mmoja. Petali huhesabiwa, na kama ni tano zinapakwa tano, kwa sababu mtaalamu atautumia mchoro huo kuutambua mmea. Ukikosea petali moja umechora mmea mwingine. Adamson aliimudu kazi hii vizuri kiasi kwamba mwaka 1947 chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell. Miaka miwili baadaye akapewa watu, na mkono uliokwisha kuzoea kuhesabu petali ukaanza kuhesabu shanga.

Tazama matokeo yake. Mtu ametolewa kwake akawekwa kwenye weupe. Nyuma yake hakuna kitu. Kichwa, mabega, kifua, kila hereni na kila waya wa shaba uko mahali pake. Mapambo yamechorwa kwa ncha ya brashi, makali kama yaliyokatwa kwa mkasi, lakini ngozi imepakwa laini, bila mipaka. Katika karatasi moja mna mikono miwili: mmoja unahesabu, mwingine unapapasa. Huo mkono wa kupapasa ndio ulionishinda mimi.

Rangi ya maji haina siri kubwa ila moja: haifuniki. Rangi ya mafuta, na hata ile ya kopo wanayotumia mafundi wa Tingatinga, huweza kufunika kilicho chini. Ukikosea unapaka juu. Rangi ya maji hupitisha mwanga. Unaingia, unagonga karatasi, unarudi machoni kwako. Karatasi ndiyo taa. Kwa hiyo ngozi nyeusi ni mtihani. Anayeanza huchanganya nyeusi na hudhurungi, akapaka mara moja, akaizima taa. Uso unatoka kama mkaa. Njia ya mafundi ni kupanda polepole: tabaka la kwanza jepesi la manjano ya udongo au nyekundu ya kutu, likauke, juu yake hudhurungi, ikauke, kisha buluu au zambarau kidogo mahali pa kivuli, chini ya taya na pembeni mwa pua. Mfupa wa shavu unaachiwa tabaka chache ili karatasi iendelee kung'aa kwa chini. Mng'aro wa uso wa mtu aliyejipaka mafuta au samli haupakwi. Unaachwa.

Pale ndipo joto letu linapoingilia. Mchoraji wa London ana dakika kadhaa za kulainisha ukingo kabla rangi haijakauka. Bura saa tano asubuhi hana. Dawa zake ni chache: kulowesha sehemu ndogo ndogo, kulainisha kwa brashi ya pili yenye maji matupu iliyo tayari katika vidole vya mkono ule ule, au kuachana na kulowesha na kujenga kivuli kwa vistari vyembamba vilivyopangwa bega kwa bega. Nilizijaribu zote tatu kwenye karatasi ya pili, bila mama. Ya kwanza na ya pili kwa pamoja ndizo zilizonipa shavu linalofanana na shavu.

Shanga nyeupe nazo zina njia mbili. Unaweza kuacha karatasi tupu mahali pa kila shanga, ukapaka ngozi kuzunguka tundu moja moja, kazi ya kumpa mtu kizunguzungu. Au unapaka ngozi yote, kisha unaidondosha shanga juu kwa guashi, rangi ya maji nzito inayofunika. Mimi nilichagua guashi kwa uvivu, na ndipo nyekundu moja ikapotea, kwa maana nilikuwa nadondosha kwa mazoea badala ya kumtazama mama. Mchora maua asingepotewa na nyekundu ile.

Na ua halichoki, tena halina mbuzi wa kwenda kunywesha. Mama wa watu amekaa kwenye kigoda, shingo imekaza, mapambo yana uzito, na jicho lake liko kwa mchoraji asiyejua neno la lugha yake. Ukali ulio katika nyuso nyingi za picha zile watu huusifu kuwa ni fahari ya Mwafrika. Baada ya kumkalisha jirani yangu saa mbili na nusu, naona nyingine ni shingo inayouma tu.

Kasoro sasa. Kumtoa Mpokomo mtoni ili umpake ni kuacha nusu yake kando. Mtumbwi haupo, migomba haipo, na ule ukingo wa mto unaobomoka kila mafuriko haupo. Muorma bila ng'ombe wake, mwenyewe akijiona hivyo atauliza nani kafa. Ua lililokatwa linabaki kuwa ua lile lile mezani. Mtu akikatwa na mahali pake, kuna kitu kinamwagika.

La pili ni tarehe. Kufika 1949 watu wengi wa Tana walikuwa Waislamu au Wakristo, kanzu na kofia, shati na kaptula. Wamisionari wa Neukirchen walikuwa Ngao tangu mwishoni mwa karne ya 19. Wakoloni walitaka vazi linalopotea, na vazi linalopotea huwa sandukuni kwa bibi. Hivyo picha inaweza kuwa sahihi kwa kila shanga, ikakosea kuhusu jinsi mtu huyo alivyoamka na kuvaa asubuhi ile. Mpenda mavazi ya jadi atashukuru kwamba yalitolewa sandukuni. Mwanahistoria na asome kwa tahadhari.

Halafu kuna Bura yenyewe. Kitabu cha 1967 kimepangwa kabila kwa kabila. Mwaka 1981 mradi wa umwagiliaji ulianza kupokea familia kutoka pande zote za Kenya, zikapangwa katika vijiji vyenye namba, karibu na wenyeji Wapokomo, Waorma na Wasomali. Sura ambazo kitabu kilizitenganisha kwa kurasa nyingi leo zinapanga foleni moja kwenye posho mill. Adamson angechoka kutafuta karatasi nyeupe.

Pamoja na hayo, nenda ukazione. Kitabu hakitoshi, na sababu yake ni ya kiufundi. Chapa ya rangi hujengwa kwa vitone vya wino wa aina nne, na mmojawapo ni mweusi. Wino huo ukiingia kwenye ngozi, ile taa ya karatasi niliyoieleza inazimwa kiwandani. Watu kitabuni wanaonekana wazito na wenye vumbi. Nilipofika Nairobi hatimaye na kuisogelea picha ya kwanza, mpaka mlinzi akakohoa, nilichokiona kwanza ni wembamba wa rangi. Uso wenye nguvu vile, na rangi yake ni kama pumzi juu ya kioo.

Ndiyo maana pia watu hujazana Louvre mbele ya Mona Lisa, ubao wa mpopla wa sentimita 77 kwa 53 tu nyuma ya kioo kisichopenywa na risasi. Mwaka 2010 wanasayansi wa Ufaransa waliipima kwa eksirei bila kuigusa, wakakuta tabaka za kivuli usoni zote kwa pamoja zina unene wa karibu mikroni 40, chini ya unywele. Leonardo, aliyeipaka, alifanya kwa mafuta, kwa miaka, jambo ambalo rangi ya maji hulidai ndani ya dakika. Na jambo hilo haliwezi kupigwa chapa, lisafirishwe, libaki lilivyo.

Wimbo wa taifa letu umejengwa juu ya sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, na kila Mkenya ameusikia bila kulipa nauli. Picha hazina bahati hiyo. Karatasi yenye rangi ya maji hufifia kwa mwanga na haina pa kurudi. Ndiyo sababu makumbusho duniani huziwekea kikomo cha mwanga wa takriban lux 50 na kuzipumzisha gizani. Kwa hiyo sitaki picha halisi ziletwe kwetu. Jua la hapa na vumbi la barabara vingezimaliza.

Nakala zinaweza kuja. Kuna uchapishaji wa leo wa wino wa rangi nyingi zaidi ya nne, juu ya karatasi ya pamba, unaolinda ile taa ya chini vizuri kuliko kitabu chochote cha 1967. Naliomba Shirika la Makumbusho ya Taifa na Kaunti ya Tana River wakae pamoja, wachague picha za watu wa mto huu, wazichapishe kwa ukubwa wake halisi na kuzitundika Hola, kisha Bura. Pembeni yake waweke daftari, ili wazee watuandikie kila pambo linaitwaje na lilivaliwa lini. Jirani yangu yuko tayari kuja kuhesabu.