Jina la Msemaji: Odera Oruka na Wenye Hekima wa Mlima Kenya

Mwaka 1933 kitabu cha Padre C. Cagnolo kuhusu Wakikuyu kilichapishwa Nyeri, katika kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Kikatoliki. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alichapisha Facing Mount Kenya huko London. Kimsimamo vitabu hivi vinatofautiana sana: cha kwanza kinamtazama Mkikuyu kwa jicho la mmisionari, cha pili kinaitetea jamii dhidi ya jicho hilo. Kimtindo, hata hivyo, vinakaribiana. Katika sehemu kubwa ya vyote viwili, mwenye imani na rai ni kabila. Mzee mmoja mwenye jina, anayekataa wanayoyakubali majirani zake, ni nadra kusikika.

Upungufu huo ndio uliomshughulisha mwanafalsafa Henry Odera Oruka (1944–1995). Alisoma Uppsala, Uswidi, alikoanza na sayansi kabla ya kugeukia falsafa, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka 1970. Katika Punishment and Terrorism in Africa (1976) alihoji uhalali wa adhabu. Katika Sage Philosophy (1990), zao la utafiti wa miaka mingi, alihoji mamlaka ya aina nyingine, yaani ya jamii inayodhaniwa kufikiri kwa kinywa kimoja. Aliwatenga wazee wanaohifadhi hekima ya jamii na wale wanaoipima na kuikosoa. Miongoni mwa hao wa pili yumo Stephen M'Mukindia Kithanje wa Meru, anayemfafanua Mungu kuwa ni kule kuungana kwa joto na baridi kunakozaa uhai. Ufafanuzi huu haubandikwi kwa Wameru wote. Ni wa Kithanje.

Peter Bodunrin wa Nigeria alitoa hoja kwamba mazungumzo ya namna hii ni zao la mzee na mtafiti kwa pamoja. Kwa mhakiki wa fasihi pingamizi hilo halitoshi, kwani Sokrati naye anajulikana kupitia majibizano yaliyoandikwa na wengine. Mtihani mkali zaidi ulikuja mwaka 1987, Oruka alipotoa ushahidi katika kesi ya mazishi ya S. M. Otieno. Humo alieleza mila za Waluo, na hivyo akasema kwa sauti ile ile ya kabila ambayo utafiti wake uliitilia shaka. Mahakama ilitaka mila, si rai ya mtu mmoja.

Hata kitabuni sauti ya mmoja haikupona kabisa. Wazee walisema kwa lugha zao. Wasomaji wakapewa Kiingereza. Mwanafunzi wa Meru hawezi kujua kutokana na ukurasa huo ni neno gani la Kimeru lililofasiriwa kuwa joto, wala lilibeba fumbo gani. Falsafa inayosimama juu ya upambanuzi wa mtu mmoja haiwezi kuyaacha nyuma maneno aliyopambanua kwayo. Oruka alimrudishia msemaji jina lake. Kumrudishia maneno yake ni kazi iliyobaki kwa wahakiki.