Propela ya gari la Karusandara: pima kwanza, unene baadaye

Tuseme una pikapu ya Land Cruiser HZJ79. Asubuhi inatoka Karusandara na magunia ya mpunga kupitia tope la tambarare inayoshuka kutoka Rwenzori hadi Ziwa George. Mchana iko kwenye lami kutoka Kasese, inakata kulia Kikorongo na kwenda Bwera kwa mwendo wa kasi. Jioni inapanda vilima vya Bukonzo kuchukua kahawa. Siku moja propela ya nyuma, lile bomba linalopeleka nguvu kwenye ekseli, inakatika, na mwenye gari anampigia simu muuza spea wa Kisekka, Kampala: “Nitafutie nzito kuliko hii.”

Ombi hilo linaeleweka, lakini ndilo linalowagharimu watu. Kukatika peke yake hakuthibitishi kwamba chuma kilikuwa chembamba. Propela hufa kwa njia nyingi, na kila njia huacha alama yake. Kwa hiyo mabaki yasitupwe kwenye rundo la vyuma chakavu kabla hayajakaguliwa.

Fungua kwanza krosi, yaani viungo vinavyojipinda kwenye ncha za propela. Ukikuta unga mwekundu mkavu ndani ya vikombe, maji yameingia na grisi imeondoka. Hapa kwetu hilo halishangazi, maana gari linavuka maji ya Mubuku na mifereji ya mashamba ya umwagiliaji, na baada ya mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013 na Mei 2020 kila dereva wa Kasese anajua jinsi barabara inavyogeuka mto. Ukikuta mistari iliyochimbika kwenye miguu ya krosi, sawasawa na pini ndogo za beringi, mzigo ulizidi, au krosi ilikaa kwenye pembe ileile siku zote bila pini zake kuzunguka. Wengi hawaamini hili la pili: propela iliyonyooka kabisa, yenye pembe sifuri, huua krosi zake mapema, kwa sababu pini hazizunguki na grisi haisambai. Angalau digrii moja ya pembe inahitajika.

Bomba lililosokotwa kama kamba linasema nguvu ya injini ilizidi. Lililopinda katikati bila alama ya jiwe linasema kasi ilizidi. Kama limebonyea tu na kukwaruzwa, jiwe lilihusika, na mjadala unaishia hapo.

Baada ya kujua sababu ndipo tunauliza propela gani. Kipimo cha kwanza ni urefu, na kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 hapo ndipo makosa mengi hutokea. Mwaka 1999 Toyota iliibadilisha HZJ75 na kuleta 78 na 79, ikaweka springi za koili mbele badala ya majani. Umbali kati ya ekseli za 78 ni milimita 2,980, wa 79 ni 3,180. Milimita hizo 200 zipo nyuma, chini ya kitanda cha mizigo, kwa hiyo ni za propela ya nyuma. Muuzaji atakuambia “zote ni Land Cruiser za 1HZ, zinaingiliana.” Injini inaingiliana, propela haiingiliani. Ukilazimisha ile fupi, meno ya kuteleza, yanayoiruhusu propela kurefuka na kufupika, yatashikana kwa ncha tu, na siku ekseli itakaposhuka kwenye shimo yatachomoka au yatavunjika.

Upimaji wenyewe ufanyike gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, lenye mzigo wa kawaida, si likiwa limenyanyuliwa kwa jeki na ekseli inaning’inia. Pima kutoka uso wa flenji ya transfa hadi uso wa flenji ya difu. Kisha pima tena ekseli ikiwa imeshuka mpaka mwisho, na tena ikiwa imepanda mpaka kugusa mpira. Vipimo hivyo vitatu ndivyo vya kumpelekea muuzaji, pamoja na upana wa flenji, umbali kati ya matundu ya boliti na ukubwa wa kikombe cha krosi. Meno ya kuteleza yabaki na nafasi ya kufupika bila kuisukuma transfa, na nafasi ya kurefuka bila kuachana.

Sasa lami ya Bwera. Matairi ya 7.50R16 yana kipenyo cha karibu milimita 800. Kwa kilomita 100 kwa saa gurudumu linazunguka kama mara 660 kwa dakika. Difu ikiwa na uwiano wa 4.1, propela inazunguka karibu mara 2,700. Kila bomba lina kasi ambayo likiifikia linaanza kupinda katikati lenyewe, na kasi hiyo hushuka kwa mraba wa urefu. Bomba la chuma la milimita 76 lenye urefu wa mita 1.3 linafika hapo karibu na mizunguko 7,400. Lirefushe hadi mita 1.8 na kikomo kinashuka hadi kama 3,850. Kwa kuwa mafundi makini hawapendi kupita robo tatu ya kikomo, propela hiyo ya mita 1.8 inabaki na akiba ndogo sana kwenye mwendo wa kilomita 100. Ndiyo sababu Hilux nyingi ndefu za 4x4 zimepewa propela ya vipande viwili na beringi ya kati. Fundi anayekuondolea beringi hiyo na kukuchomelea bomba moja refu “ili usisumbuke tena” anakuandalia ajali kwenye tambarare ya mbuga ya Queen Elizabeth.

Tazama pia ukuta wa bomba. Kuongeza unene wa ukuta huku kipenyo kikibaki kilekile hakupandishi kikomo hicho kwa maana yoyote, kunaongeza uzito tu. Kinachosaidia ni kipenyo kikubwa. Kwa hiyo ile “nzito” aliyoiomba mwenye gari inaweza kuwa ngumu kusokotwa kilimani na bado ikawa mbaya kwenye lami.

Usawa nao una hesabu yake. Gramu 10 za ziada kwenye uso wa bomba la milimita 76, kwa mizunguko 2,700, zinavuta kama uzito wa kilo 3, na uvutaji huo unageuka upande mara 45 kila sekunde. Gramu 10 ni tone la kuchomelea. Ni tope pia. Gari likitoka Karusandara na kuanza kutetemeka kabla ya Kikorongo, lioshwe chini kwanza kabla ya kununua chochote. Nimeona propela nzima zikihukumiwa kwa sababu ya udongo uliokauka.

Pembe ndilo jambo linalosahaulika zaidi. Krosi ikipindwa digrii 10, mwendo unaotoka upande wa pili unapanda na kushuka kwa asilimia 1.5 mara mbili kila mzunguko. Kwenye digrii 20 unafika asilimia 6. Krosi ya pili inaufuta mtikisiko huo ikiwa pembe zake zinalingana na ya kwanza, na uma za pande mbili zimeelekeana. Wabeba mizigo wetu huongeza majani ya springi nyuma. Gari tupu linainuka, pembe zinakua, na fundi anapima wakati huohuo, gari likiwa tupu. Ndipo linapopakiwa mambo yanabadilika. Kabla ya kufungua propela yoyote, chora alama kwa chokaa au tindo pande zote mbili za meno ya kuteleza. Ikirudishwa imepishana jino moja tu, krosi mpya zitakufa nawe utailaumu spea.

Turudi kwenye nguvu. Injini ya 1HZ inatoa Nm 285. Kwa makadirio ya chini, gia ya kwanza inazidisha mara 4 na transfa ikiwa low mara 2, basi propela inapokea kama Nm 2,280. Magurudumu ya mbele yakiwa yanaelea kwenye tope, sehemu kubwa yake inakwenda nyuma. Ukiweka bomba lisilosokoteka, nguvu hiyo haitoweki, inahamia kwenye meno ya difu au nusu shafti. Waingereza waliliona hilo walipovuka msitu wa Darién kwa Range Rover mbili katika safari ya 1971–72 iliyoongozwa na John Blashford-Snell: waliweka matairi makubwa ya kinamasi, na difu ndizo zikavunjika. Mimi ningependa krosi ikatike Kyarumba kuliko difu. Krosi inabebwa ndani ya kabati la gari pamoja na koleo na nyundo.

Kwa hiyo kwa pikapu hii ningetafuta propela ya asili, iliyotumika, ya 79 yenyewe, bomba lisilo na kibonyeo, meno yasiyocheza. Krosi mpya zenye nipo za grisi, kisha isawazishwe upya kwenye mashine. Tangu 2018 Uganda imezuia kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15, hivyo 79 nyingi zilizopo zinazidi kuzeeka hapahapa, na propela nyingi za kuchunwa zimeshachoka: shika uma, zungusha kwa mkono, sikiliza. Mpya ya kampuni ya nje ni chaguo la pili, mradi vipimo vilingane. Kukata na kuchomelea ni la tatu, na kunakubalika pale tu fundi ana mashine ya kukereza ya kuthibitisha kwamba bomba halichezi zaidi ya milimita 0.8. Kwa macho tu, hapana.

Boliti za flenji ziwe zile ngumu za propela na nati mpya, si boliti za duka la vifaa vya ujenzi. Zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, na grisi isukumwe kila baada ya kuvuka maji, mpaka ile ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne.

Kama ikikatika njiani kabla spea haijafika, 79 inaweza kurudi nyumbani: fungua propela ya nyuma yote, funga habu za mbele, weka 4H, endesha kwa magurudumu ya mbele taratibu. Mwenye Land Rover Defender ya zamani asiige hivi kilimani. Breki ya mkono ya Defender hiyo inashika propela ya nyuma pale kwenye transfa, na ukiiondoa propela hiyo, breki hiyo haishiki tena magurudumu ya nyuma. Awe na mawe mawili ya kuzuia magurudumu kabla ya kugusa boliti ya kwanza.