Mwenda Jean Bosco: Vidole Viwili, Kazi Tatu

Anayeusikia wimbo "Masanga" kwa mara ya kwanza huanza kuhesabu wapigaji. Kuna mmoja chini, kwenye nyuzi nene, anatembea bila haraka. Kuna mwingine juu, kwenye nyuzi nyembamba, anaingia mapema, anachelewa, anapotea, kisha anarudi palepale alipotakiwa kuwa. Hesabu sahihi ni mtu mmoja: Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, Katanga, nchini Kongo, mji ambao leo unaitwa Likasi. Santuri zake zilitoka kwa chapa ya Gallotone ya Afrika Kusini. Alikuwa na gitaa kavu, na mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili tu, gumba na shahada.

Vidole viwili vinafanyaje kazi tatu, yaani kushika besi, kupiga solo na kumbeba mwimbaji, bila kazi moja kuibana nyingine? Mwenda hakuongeza madoido wala kasi. Aligawa kazi, akahakikisha kila moja ina nafasi yake ya kusikika, pamoja na koo lake mwenyewe.

Kwa msomaji wa Ngara au Biharamulo, muziki huu hauko mbali kama ramani inavyoonyesha. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao ya watemi wa Wayeke, na Wayeke asili yao ni upande huu wa Ziwa Tanganyika. Katikati ya karne ya 19, Ngelengwa, anayejulikana zaidi kwa jina la Msiri, alitoka kwa Wasumbwa, majirani wa kusini wa Biharamulo, akaifuata shaba ya Katanga na kusimika himaya iliyodumu hadi alipouawa Desemba 20, 1891. Undugu wa namna hiyo haumfundishi mtu gitaa. Kinachomsaidia zaidi msikilizaji wa Kagera ni sikio lililokwisha kuzoea nanga.

Nanga ni ubao uliochongwa kama kihori, na juu yake uzi mmoja mrefu umepitishwa kwenda na kurudi mara saba au nane. Wahaya huiita enanga. Warundi, ambao lugha yao iko karibu sana na Kihangaza cha Ngara, huiita inanga. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliandika tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu tendi za nanga za Wahaya, tendi ambazo mtu mmoja huziimba, huzisimulia na kuzipigia ala mwenyewe. Burundi kuna mtindo mwingine wa kushangaza: mpigaji hunong'ona maneno badala ya kuyaimba, na nyuzi ndizo zinazopanda na kushuka kufuata toni za lugha. Mnong'ono hauna toni, nanga inaukopesha. Aliyezoea ala ya aina hiyo hashangai kusikia nyuzi zikibeba nusu ya uimbaji. Hapo ndipo pa kuanzia na Mwenda.

Tuanze na mkono. Gumba linashuka kwenye nyuzi tatu nene, shahada inapanda kwenye nyuzi tatu nyembamba. Kila kidole kina upande wake, na kwa kawaida havigongi kwa pamoja, bali hupokezana kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja. Ndiyo maana sauti ya gitaa la Mwenda haijazani. Mpigaji wa rithimu anayekwaruza nyuzi zote sita kwa mpigo hutoa ukuta wa sauti, na mwimbaji hulazimika kuuruka kwa kupaza koo. Mwenda anatoa nukta mojamoja. Kodi nzima ipo, ila msikilizaji anaipata kwa mafungu na kuiunganisha mwenyewe kichwani.

Kodi zenyewe ni za kawaida kabisa. Anayejifunza gitaa wiki ya kwanza tayari anazijua C, F na G. Faida ya kupigia kwenye C ni kwamba uzi wa kwanza na wa tatu huachwa wazi, bila kubanwa. Uzi wazi hulia kwa muda mrefu kuliko uliobanwa, kwa hiyo kidole cha kushoto kinapohama kutafuta sauti nyingine, ile ya kwanza bado inaning'inia hewani. Huo ni mwangwi wa bure, usiohitaji umeme wala kisanduku cha miguuni.

Utamu mkubwa uko kwenye mapigo. Mwenda huchanganya mgawanyo wa mbili na mgawanyo wa tatu ndani ya mzunguko mmoja, na msomaji anaweza kuujaribu mchanganyiko huo mezani sasa hivi. Hesabu moja hadi sita, kwa mwendo usiobadilika, ukirudia. Gumba ligonge kwenye moja na nne. Shahada igonge kwenye moja, tatu na tano. Kwenye moja vinakutana. Baada ya hapo kila kimoja kinakwenda njia yake mpaka mzunguko unaporudi. Sikio likifuata gumba, wimbo unasikika wa mapigo mawili mazito. Likihamia kwenye shahada, wimbo uleule unakuwa wa mapigo matatu mepesi. Mpigaji hakubadilisha kitu, ni msikilizaji aliyehama. Ndiyo maana mtu hudhani wapigaji ni wawili.

David Rycroft, mtaalamu wa muziki aliyeziandika rekodi za Mwenda kwa nota mwanzoni mwa miaka ya 1960, alizichambua kama ubunifu wa papo kwa papo. Mzunguko ni mfupi, sekunde chache tu, na unarudi tena na tena. Lakini ukisikiliza kwa makini, marudio hayafanani: safari hii shahada inaanza mapema, safari ijayo inaacha nafasi tupu, safari nyingine gumba linaiba kipande cha solo na kukipeleka chini. Mhimili unabaki uleule, kinachobadilika ni mavazi.

Nje ya Afrika, wapo waliofika karibu na hapo kwa njia zao. Merle Travis wa Kentucky, Marekani, naye alitegemea gumba na shahada, lakini gumba lake lilikuwa saa ya ukutani: besi inapishana nyuzi mbili bila kukosa, na solo inacheza juu yake. Gumba la Mwenda lina uhuru zaidi. Linaweza kunyamaza, linaweza kujibu. Mark Knopfler wa Dire Straits, bendi iliyotoa "Sultans of Swing" mwaka 1978, aliachana na kile kipande cha plastiki cha kuchapia nyuzi, akatumia gumba, shahada na kidole cha kati kwenye gitaa la umeme. Sauti yake ya duara, yenye mgoto laini mwanzoni mwa kila noti, inatokana na nyama ya kidole kugusa uzi. Kanuni ni ileile iliyosikika Jadotville miaka 26 kabla: kidole kikiwa ndicho chombo, nguvu ya kila noti hupimwa peke yake.

Uimbaji wa Mwenda unafuata mantiki hiyohiyo. Hakazi koo. Anaimba kwa kiwango cha mtu anayezungumza na jirani, kwa sababu gitaa kavu lisilo na spika halivumilii mwimbaji wa kupiga kelele. Sauti ikizidi, shahada haisikiki tena. Maneno mengi ni ya Kiswahili cha Katanga, chenye viambishi na matamshi yatakayomchekesha kidogo msemaji wa Tanga, ingawa mwenyeji wa mpakani mwa Kabanga au Rusumo, aliyezoea Kiswahili kinachopita mdomo kwa mdomo kati ya lugha nyingi, hatapata taabu nacho.

Utunzi nao umebanwa kwa makusudi. Mistari ni mifupi, inarudiwa, na haijazi mzunguko wote wa gitaa. Mwimbaji anasema neno lake, anaacha, gitaa linamalizia. Hapa ndipo somo la nanga linaporudi na manufaa: ala si mapambo ya nyuma ya shairi, ni nusu ya usemi. Mtunzi anayejaza kila pigo kwa maneno anajinyima mshirika huyo. Watunzi wengi wa leo, wanaoandika mistari mirefu juu ya mdundo wa kompyuta kisha wakaomba gitaa liwekwe baadaye, hulipa gitaa nafasi iliyobaki. Mwenda alilipa nafasi kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtindo huu ulihamia Nairobi na mwenye nao. Edouard Masengo, mwenzake wa Katanga, aliletwa huko kutangaza dawa ya Aspro, na Mwenda mwenyewe akakaa kwa muda na kusikika redioni. Wapigaji wa Kenya walimeza walichosikia na kukigeuza kuwa chao. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi aliusuka mtindo wa omutibo, gumba na shahada vikifuatwa na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa na kugongwa ili kushika mwendo. Kisha magitaa ya umeme na bendi kubwa zikatawala, na gitaa kavu likaonekana la kizamani.

Mwenda hakuishi kwa gitaa peke yake. Alifanya kazi benki, akafanya katika kampuni ya madini ya Gécamines, akawa pia na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Hata hivyo alialikwa kwenye tamasha la Newport nchini Marekani mwaka 1969, na mwaka 1988 alirekodi Cape Town. Wanafunzi walimfuata nyumbani: John Low kutoka Uingereza, ambaye baadaye alichapisha kitabu kuhusu safari yake ya Katanga, na Elijah Wald wa Marekani, aliyejifunza kwake Lubumbashi mwaka 1990. Septemba mwaka huohuo Mwenda alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia.

Kijana wa Ngara mjini au wa Biharamulo mwenye gitaa kavu anaweza kuanza leo bila mwalimu wa nota. Afunge penseli shingoni mwa gitaa kwa mpira, kama wapigaji wengi wa zamani walivyofanya, ili kupandisha ufunguo ufike sauti yake ilipo. Apige gumba peke yake kwenye C mpaka liende bila kufikiriwa. Aongeze shahada kwa hesabu ile ya sita, polepole. Asiimbe bado. Kwanza aongee na mtu huku vidole vikiendelea, ajibu salamu, ataje bei ya ndizi, acheke. Mdomo ukisema bila mkono kuyumba, ndipo aweke mstari wa kwanza wa wimbo wake, mfupi kuliko anavyodhani unatosha.