Filta ya AC Haipulizwi

Wengi wameshaiona ile video ya fundi na Prado 120 ya familia. Kufungua alifungua vizuri: alitoa vitu kwenye droo ya dashibodi, akachomoa kamba inayoizuia, akabinya kuta zake mpaka ikashuka, kisha akavuta filta bila kuvunja kibana hata kimoja. Pongezi zake zinaishia hapo.

Kosa lilianza filta ikiwa mkononi. Upande wa juu ulikuwa mweusi tii, majani makavu yamenasa kwenye mikunjo. Fundi akaibamiza kwenye tairi, akachukua mpira wa kompresa, akaipuliza kwa upepo wote, akaiinua juani na kumwambia mwenye gari, "Bado nzima hii, bosi." Akairudisha. Filta iliyomaliza kazi yake ikarudishwa kulinda mapafu ya watoto wanaokaa siti ya nyuma.

Itazamwe tena sehemu ile. Upepo uliingilia upande mchafu, kwa hiyo vumbi lilisukumwa ndani zaidi ya kitambaa. Lakini hata angeigeuza, kosa lingebaki palepale, kwa sababu filta ya AC haifanyi kazi kama ea klina ya injini. Kwenye karatasi ya ea klina vumbi kubwa hubaki juu juu, ndiyo maana kuipuliza kutoka ndani kwenda nje kunasaidia kwa muda. Filta ya AC ni kitambaa cha nyuzi za plastiki zilizoshikamana bila kufumwa, na nyingi zina chaji ya umeme tuli inayonasa chembe ndogo katikati ya unene wake. Upepo wa bar 6 au 8 hauzing'oi chembe hizo. Unatanua nyuzi na kufungua njia. Filta yenye mkaa hali yake ni mbaya zaidi: mkaa ukishashiba gesi na harufu, kompresa haiurudishii uwezo.

Kipimo cha jua ndicho kinachoudhi kuliko vyote. Unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70. Chembe za moshi wa dizeli zinazowatisha madaktari ni zile za maikroni 2.5 kushuka chini, na hakuna jicho linaloweza kuziona zikipita. Mwanga uliopenya juani haukuthibitisha uzima wowote. Huenda ulipita palepale kompresa ilipotoboa.



Hewa ya Prado hiyo huingia kutoka chini ya kioo cha mbele, hupita kwenye filta, ikafika kwenye feni, halafu evaporeta. Evaporeta ikipoza hutoa maji, na vumbi lililopenya hugeuka tope kwenye mapezi yake. Harufu ya uvundo huanza, upepo hupungua, kioo huchelewa kukauka ukungu wakati wa mvua. Mwisho wake huitwa fundi wa kushusha dashibodi nzima, kwa malipo ambayo yangenunua filta nyingi.

Safu hii imelalamikia mara nyingi sevisi inayoishia kwenye oili, na bado inalalamika. Mwenye X-Trail analipia rimu mpya bila kusita, filta ya AC anaiona anasa. Gari linashuka bandarini kutoka Japan, linapakwa rangi bampa, na hakuna anayefungua droo. Wauza spea nao hawana usafi: zipo filta za fremu laini zisizobana pembeni, hewa ikapita kando kana kwamba hakuna kitu.

Mafundi wa zamani wa Land Rover waliosha ea klina zao za oili kwa sababu zilitengenezwa zioshwe. Walijua kipi cha kuosha na kipi cha kutupa. Joginder Singh naye alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa wa mbio za magari. Mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mtu hayashindi mavumbi na matope ya Safari mara tatu kwa kurudisha spea iliyochoka.

Mwenye Prado ile asisubiri sevisi ijayo. Anunue filta mpya inayobana pande zote, na fundi aimulike evaporeta kwa tochi kabla ya kuiweka filta hiyo. Kilomita ziandikwe kwenye fremu, na filta ya zamani akabidhiwe mwenye gari badala ya kurudi rafu ya gereji. Vitabu vya magari mengi hutaja kati ya km 15,000 na 30,000. Anayepita barabara ya vumbi kila siku ashike hesabu ya chini.