Jenomu, Makaburi na Lugha: Uhakiki wa Dai la Ushirazi

Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa jenomu za watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, pamoja na sehemu ya bara, baina ya miaka 1250 na 1800 hivi. Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao wanaeleza kuwa watu wa pwani walianza kuchanganya damu na watu wa Asia, hasa wanaume wa Kiajemi, yapata mwaka 1000. Wako waliolipokea jambo hili kama hukumu iliyokata ubishi wa Ushirazi.

Hatuna budi kuuliza tarehe hiyo yapatikanaje. Mtoto wa wazazi wa asili mbili hurithi vipande virefu vya urithi wa kila upande. Kila kizazi huvikata zaidi, na kutokana na ufupi wake wataalamu huhesabu vizazi vilivyopita. Lakini hesabu hiyo hutoa wastani. Ikiwa wageni waliendelea kuoa kwa karne mbili, hesabu yaweza kutaja wakati mmoja tu wa katikati. Tena makaburi mengi yaliyochunguzwa ni ya watu wa hadhi, nao si mji mzima.

Zaidi ya hayo, huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alifukua mabaki ya msikiti wa miti wa karne ya 8. Kwa hiyo aliyeoa mjini hakuwa lazima mwanzilishi wake, hata kama masimulizi ya Kilwa yapenda kumfanya hivyo.

Kwetu sisi wa lugha, uzito uko kwingine. Urithi wa mitokondria, upitao kwa mama, ni wa Kiafrika karibu wote. Kromosomu Y nyingi ni za Asia. Nurse na Spear walikwisha kuonyesha mwaka 1985, kwa kulinganisha sauti na sarufi, kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo na Kimijikenda. Waajemi walituachia maneno machache, kama bandari na nanga. Yavutia kusema kwamba akina mama ndio waliohifadhi ngeli zetu, nasi twaelekea kukubali. Lakini mfupa hausemi lugha, na hoja hiyo yataka ushahidi wa lugha yenyewe. Uchunguzi waonyesha pia kuwa baada ya mwaka 1500 hivi asili ya Kiarabu yaongezeka. Je, matabaka ya maneno tuliyoyakopa kutoka Kiarabu yanafuata tarehe hiyo? Swali hilo ni letu, wala maabara haitatujibia.