Anayeuliza kwa Kiswahili: Tafakuri za Msomaji wa Nsambya juu ya Riwaya za Upelelezi

Ikisiri

Makala haya yanasoma upya riwaya za upelelezi za Kiswahili, pamoja na riwaya mbili za aina nyingine zilizosomwa sambamba nazo, kwa jicho la msomaji aliyeko Nsambya, Kampala. Hoja yake ni kwamba nchini Uganda, ambako Kiswahili kimefahamika kwa miaka mingi kuwa lugha ya askari, riwaya hizi zina la kusema kuhusu adabu ya kuuliza swali, na kwamba jambo hilo linawahusu pia wapangaji wa sera ya lugha.

Utangulizi

Kilima cha Nsambya kina sauti nyingi. Wamisionari wa Mill Hill waliweka makao yao hapo mwaka 1895. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ikaanzishwa mwaka 1903. Na katika eneo hilohilo ipo kambi ya polisi. Sokoni husikika Kiluganda, maofisini Kiingereza. Atafutaye Kiswahili huelekezwa kwanza kambini.

Mgawanyo huo una historia. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Gavana William Gowers alipotaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa na viongozi wa makanisa walipinga. Kiswahili kikabaki jeshini na polisini. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, tangazo lilitolewa na mkono ulioshika bunduki. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yamekifanya lugha rasmi ya pili, na mtaala wa sekondari ya chini wa mwaka 2020 umekipa nafasi madarasani. Hata hivyo, sheria haifuti kumbukumbu. Wapo wengi waliopitia miaka ya 1970 na 1980 ambao Kiswahili kwao kingali swali la kwenye kizuizi cha barabarani: unatoka wapi, unakwenda wapi?

Msomaji wa mazingira haya huifungua riwaya ya upelelezi akiwa na sikio la pekee, kwa kuwa huo ni utanzu uliojengwa juu ya maswali. Nani aliua? Ulikuwa wapi usiku ule? Uhakiki wetu umeshughulika mno na kuuliza iwapo riwaya hizi ni pendwa au ni dhati. Makala haya yanauliza jambo jingine: ndani yake, nani anauliza, na anauliza vipi?

Swali la Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliuanza utanzu huu kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957–1958 na kuchapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, si askari. Ni raia mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni. Wahakiki wamekwisha kuuona uso wa Sherlock Holmes nyuma ya kiko hicho, na hawakukosea. Lakini wakiishia hapo wanapitwa na jambo la Kizanzibari kabisa, nalo ni mazungumzo. Bwana Msa hupeleleza kwa kubarizi. Huamkia, huketi, hutania, huacha mtu aseme ya pembeni hadi ya ndani yajitokeze yenyewe. Maiti imeonekana penye mzimu, mahali ambapo hofu pekee ingetosha kufunga midomo ya watu. Yeye huifungua kwa subira. Katika riwaya zilizofuata, kama vile Kisima cha Giningi (1968) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976), mara nyingi fumbo hurudi kwenye nasaba na siri za nyumbani, mambo ambayo amri haiwezi kuyatoa.

Kwa msomaji wa Nsambya huu ni ugunduzi wa aina yake: kuulizwa kwa Kiswahili bila kuamriwa. Hata hivyo, tusimpambe Bwana Msa kupita kiasi. Ni muungwana wa mjini, na milango humfungukia kwa sababu ya hadhi yake. Mtumishi wa nyumbani akiulizwa na bwana kama huyo hana uhuru mkubwa wa kunyamaza. Upole wa swali hauondoi tofauti ya nguvu kati ya anayeuliza na anayeulizwa. Huipunguzia makali tu.

Swali lenye silaha

Makali hayo yanarudi waziwazi katika kazi za Elvis Musiba. Willy Gamba, tangu Kufa na Kupona (1974), ni jasusi wa dola anayepambana na maadui wa ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Sababu yake ni ya haki, na kasi ya masimulizi inavutia. Lakini anapohitaji jibu, ngumi haiko mbali. Joram Kiango wa Ben Mtobwa anasimama kati ya wawili hawa: hayumo katika safu za polisi, lakini dunia yake ni ya risasi na mji wa usiku.

Niliposoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) mara tu baada ya riwaya hizo, nilihisi kwamba meza imegeuzwa. Hiyo si riwaya ya upelelezi, ingawa imejaa wapelelezi. Katika Zanzibar ya mkoloni, Inspekta Wright na Koplo Matata wanamwandama Denge, mpigania uhuru. Hapa msomaji huwekwa upande wa anayesakwa, na kila swali la askari analisikia kwa masikio ya Denge. Kiswahili kinakuwa lugha ya koplo anayetisha na pia ya marafiki wanaofichana. Riwaya hii inathibitisha kwamba lugha haina hatia wala haina utakatifu. Waliomo ndani yake ndio wanaoipa sura.

Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) inaupeleka msako mahali pengine kabisa. Kuna safari, kuna dalili, kuna kiu ya kujua, lakini hakuna mkosaji wa kutiwa pingu. Niliisoma mwisho, na ikanikumbusha kwamba furaha ya fumbo haimo katika jibu peke yake.

Hitimisho na mapendekezo

Sera ya Kiswahili nchini Uganda imezungumzwa zaidi kwa hoja za biashara, usalama na mtangamano wa Jumuiya. Hoja hizo ni halali, lakini hazimpi mtu sababu ya kukaa na kitabu cha Kiswahili saa tatu usiku kwa hiari yake. Riwaya ya upelelezi inampa. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, orodha za vitabu vya ziada mashuleni zisiiogope riwaya pendwa. Pili, kazi za Abdulla zitolewe na sherehe ya maneno na misemo, kwani Kiswahili chake cha Unguja ni kizito kwa mwanafunzi wa Kampala, na uzito huo usipopunguzwa atakiacha kitabu kabla maiti haijaonekana. Tatu, waandishi wa Uganda wahimizwe kuandika mafumbo yao wenyewe.

Pendekezo la tatu ndilo ninalolingojea zaidi. Riwaya ya Nsambya italazimika kukabili jambo ambalo Bwana Msa hakulijua: shahidi anayefikiri kwa Kiluganda, anayeulizwa kwa Kiswahili, na ambaye maneno yake huenda yakaandikwa kwa Kiingereza. Kati ya lugha hizo tatu ukweli unaweza kupotea bila mtu yeyote kusema uongo. Atakayeweza kulisimulia hilo kwa Kiswahili atakuwa amekitoa kambini na kukiketisha barazani.